Bomba Lililokataa Kuwa Kioo

Usiku wa jana niliota sina kofia, sina kivuli, sina meno mawili ya mbele (ambayo nikiwa macho ninayo, na mtaa wetu mzima wa Ngamiani ni shahidi), sina cheti changu cha masomo ya jioni, sina mke, na viganja vyangu havina mistari.

Kofia ningeweza kununua nyingine. Kivuli sikuwa na haja nacho, kwa kuwa nilikuwa ndani ya karakana. Lakini viganja vilinisumbua. Vilikuwa vimeng'arishwa. Nilipoviinua niliona ndani yake mabati ya paa, na buibui mmoja aliyekuwa akinitazama.

Kabla sijaendelea, ni haki msomaji ajue nililala na jambo gani.

Mimi ni Hizza Shemboza, fundi chuma wa Tanga, umri wangu miaka sabini na mmoja. Nilianza kazi hii nikiwa sijui kusoma namba za kwenye rula. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, nikasoma kwa taa ya chemli, mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mwaka mmoja na binti yangu Zubeda. Nilifaulu. Na yeye alifaulu. Alama zetu sitazitaja, kwa kumheshimu yeye.

Mwaka huu nilipewa kazi ambayo niliitangaza mtaa mzima: reli ya kushikia ya ngazi za Shule ya Wasioona Kwemkole. Ngazi zile zimejizungusha kama konokono, kutoka madarasani hadi bwenini, na katikati zina kona moja kali. Reli ilitakiwa iwe ya bomba la stenlesi, chuma kile cheupe kisichoshika kutu. Nililing'arisha bomba, nikalikunja, nikalifunga, nikavaa koti.

Mwezi mmoja baadaye akaja kukagua Injinia Felista Lyimo, binti mpole anayeandika kila kitu, pamoja na mwalimu mkuu, Mwalimu Sengasu, ambaye naye haoni. Mwalimu aliweka mkono chini kabisa ya reli akaanza kupanda. Kwenye kona alisimama.

"Mzee Hizza," alisema, "hapa kwa ndani reli yako ina makunyanzi kama shingo ya kobe. Na hapa ubavuni ina vipele."

Vile vipele vilikuwa kutu. Kutu, kwenye chuma kisichoshika kutu.

Injinia Felista alinivuta pembeni ili wanafunzi wasisikie. "Babu, samahani sana," alisema. "Kuna kampuni ina mashine. Ukitaka kurudia mwenyewe, niandikie barua inifikie Ijumaa, unieleze utafanya nini tofauti. Kama hujui kilichoharibika, nitawapa wao."

Nilikaa siku nne nikitafuta kilichoharibika. Alhamisi jioni nikaandika: Nimeshindwa. Mpeni mwenye mashine. Nilikuwa nimeshatoa ulimi nilambe gundi ya bahasha, mke wangu akanishika mkono.

"Baba Zubeda, barua ya hasira haifungwi jioni. Iache mdomo wazi, ilale. Asubuhi ikisema hivyohivyo, utaifunga."

Nikaiacha mezani mdomo wazi, nikalala. Ndipo nikajikuta karakanani sina meno.

Barua yangu ilikuwa imeshafika kabla yangu. Imekaa kwenye kiti cha wateja, mguu juu ya mguu, mdomo wazi.

"Shikamoo, fundi," inasema.

"Marahaba."

"Nifunge, niende zangu. Ijumaa imekaribia."

"Ngoja kwanza. Nina tatizo la viganja."

"Ngoja hiyo mpaka lini?"

Barua niliyoandika mwenyewe haiwezi kunipangia muda.

Juu ya vigoda viwili vya mbao lilikuwa limelala bomba jipya la stenlesi, limevaa ile nailoni ya bluu ambayo kiwandani hulivisha lisikwaruzike. Lilijivuta nailoni mpaka shingoni.

"Umekuja kunivua tena?" liliuliza.

"Nani aliyewahi kukuvua?"

"Ulimvua ndugu yangu. Mbele za watu. Hata kazi haijaanza, nailoni chini."

Nilieleza kwa utulivu kwamba fundi hulivua bomba ili alisugue na kuling'arisha. Nilieleza kwamba lile la kwanza nililing'arisha siku tatu kamili, mpaka likawa kioo, na kwamba Bi Mwanahawa, aliyekuwa akipita na mkaa wake, alisimama akafunga kilemba upya kwa kujitazama ubavuni mwa bomba. Vinyozi wawili walikuja kuona. Nilieleza pia kwamba hiyo ndiyo heshima ya fundi wa Ngamiani: mtu akijiona kwenye kazi yako, hatakusahau.

Bomba lilinisikiliza mpaka mwisho.

"Na kule Kwemkole," lilisema, "ni nani angejitazama?"

Buibui aliyekuwa kiganjani mwangu aligeuka akatazama upande mwingine.

"Halafu ulipokwisha kumfanya kioo," bomba liliendelea, "ndipo ukamkunja. Ngozi ya nje ikanyooka ikaparara, ya ndani ikajikusanya. Kioo hakifichi siri, mzee. Kila mkwaruzo kinautangaza. Kwanza unakunja, halafu ndipo unasugua. Hata nguo haipigwi pasi kabla ya kufuliwa."

Hapo mlango ukafunguka, likaingia daftari langu la kurasa mia mbili, lile ambalo nimeandika kanuni za kazi tangu mwaka wa sabini na nane. Lilikuwa linatembea kwa miguu yake. Likajifungua lenyewe, likakohoa.

"Kanuni ya kumi na nne," lilisoma. "Stenlesi isiguswe na chombo kilichoishi na chuma cheusi chenye kushika kutu."

"Niliiandika mwenyewe," nikasema.

"Mwandiko ninaufahamu," daftari lilisema. "Nauliza kama uliisoma."

Basi tukaenda wote, mimi, bomba na daftari, kwenye gurudumu langu la kukunjia. Ni gurudumu la chuma lenye mfereji. Bomba hulizunguka gurudumu na kupata kona. Nimelitumia miaka zaidi ya thelathini. Barua ilitufuata na kiti chake.

Nilipoinama kwenye mfereji nikaona watu. Walikuwa wadogo kama mbegu za ufuta, wamevaa kahawia tupu, wametandika mikeka, birika liko jikoni. Ilikuwa ni ukoo mzima wa Kutu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mwenye nyumba," alijibu mzee wao.

"Mmeingia lini humu?"

"Tulikuja na grili za madirisha ya Mzee Kaniki. Mwaka wa themanini na saba. Hukututoa, tukasema huyu ni mtu mwema."

"Na kwenye reli yangu mlifikaje?"

"Ulilibana bomba juu yetu kwa nguvu," alisema. "Wajukuu zangu wakaning'inia. Walikuja kushukia kwenye kona. Wameandika barua, wanasema pana hewa nzuri."

Sikupandisha sauti. Nilimwambia kwamba nitachonga gurudumu jingine la mti wa mvule, halitawahi kuona chuma cheusi maisha yake yote, na msasa wake na brashi yake vitakaa sanduku la peke yake lenye kufuli.

Mzee wa Kutu alishauriana na mkewe.

"Kwenye mvule hatuna jamaa," alisema kwa huzuni. "Huko hatuwezi kuja."

"Ndiyo maana," nikasema.

Gurudumu la mvule likawepo. Nilipoliwekea mkono likageuka dawati, na karakana ikawa chumba cha mtihani, na mimi nimekaa na magoti yangu hayaingii. Barua imekaa dawati la mbele, inanigeukia kila mara kama mtu anayetaka kuibia majibu. Msimamizi alikuwa mzee mwembamba kupita kiasi, amenyooka kama uzi, hana kiuno. Nilimtambua. Alikuwa Mshono, ule mstari unaobaki pale kingo zinapokutana, kiwandani wanapokunja bati na kulichomelea liwe bomba.

"Swali moja tu," alisema Mshono. "Bomba linakunjwa. Mimi nikae wapi?"

Nilikumbuka kwamba lile bomba la kwanza sikutazama mshono wake uko wapi. Nililitia tu kwenye gurudumu.

"Nikikuweka nje ya kona," nikasema, "utavutwa mpaka upasuke."

"Endelea."

"Nikikuweka ndani, utafinywa mpaka ujikunje."

"Kwa hiyo?"

"Nikuweke ubavuni. Ubavuni havutwi mtu wala hafinywi mtu."

Mshono alifumba macho. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna aliyewahi kuniuliza." Akaingiza mkono kotini, akanipa cheti changu. Kilikuwa bado na alama ya msumari kilipotundikwa ukutani.

"Hongera," ilisema barua kwa baridi. "Sasa nifunge."

"Bado mchanga," nikasema.

Kila fundi anajua kwamba bomba likikunjwa tupu hubonyea. Kwa hiyo tunalijaza mchanga, tunaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, na mchanga unalishika tumbo. Hilo nililifanya hata mara ya kwanza. Lakini mchanga ulikuwa umejikusanya mlangoni, chungu nzima, umekunja uso, unachuruzika maji.

"Tulikuwa tumelowa," ulisema kwa sauti nyingi kwa pamoja. "Ilikuwa masika. Ulitushindilia tukashikana mafungumafungu, na katikati tukaacha mapengo. Kwenye kila pengo, kunyanzi. Ulitegemea nini?"

"Sikuwa na mchanga mkavu."

"Una karai. Una moto."

Nilitazama nyuma, nikamwona Mama Zubeda. Amekaa kwenye kigoda mbele ya karai, mwiko mkononi, anaukaanga mchanga kama anavyokaanga kahawa. Sikumuuliza alikuwa wapi. Mume anayemuuliza mke swali hilo hupewa jibu refu.

"Unakaanga haraka," nilimwambia.

"Kaanga wewe," alisema, akiendelea kukoroga. "Siku hizi umejua na mapishi? Sikiliza, usiongee. Ukikauka utakuambia wenyewe."

Mchanga ukaanza kunong'ona, ukanyamaza, halafu ukaimba kwa sauti nyembamba kabisa. "Tayari," alisema Mama Zubeda, akaumimina ndani ya bomba kwa kikombe cha uji. Nikawa nagonga ubavu kwa nyundo ya mti. To, to, to, linalia tupu. Nagonga tena. Ti. Limejaa. Nikapiga vizibo.

Sasa ninakunja. Bomba liko na nailoni yake mwilini, mshono uko ubavuni, gurudumu la mvule linanukia. Navuta taratibu, siruki, sishtui. Bomba linainama kama mtu anayeinama kuvaa viatu.

"Unaumia?" nauliza.

"Najinyoosha," linasema. "Ndugu yangu alilia hapa."

"Na wewe?"

"Mimi sioni sababu."

Tulipomaliza nikageuka kumwonyesha Mama Zubeda. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu. Barua haikuwepo.

"Imeondoka," alisema bila kuinua macho. "Imesema haiwezi kusubiri wazee. Inakwenda Kwemkole kutafuta mtu wa kuifunga."

Nikatoka mbio, na hatua ya kwanza tu nikakuta ninakimbia juu ya bomba lenyewe. Lilikuwa barabara ndefu ya kijivu, linapanda milimani kwa kujizungusha. Nailoni ilikuwa imebanduka yenyewe. Miguuni nimevaa viatu ambavyo soli zake ni msasa. Mbele kabisa naiona barua, inaruka ngazi mbilimbili, mdomo wazi.

Nikaamua kukata njia. Nikavuka upande wa pili. Filimbi ikalia.

"Shikamoo, mzee," alisema askari wa barabarani. Alikuwa na glavu nyeupe, safi sana. "Unajua umefanya nini?"

"Nina haraka, mwanangu. Barua yangu inakwenda kufungwa."

"Umekata nyuzi." Akanionyesha chini. Nilikotoka, msasa wangu ulikuwa umeacha mistari mizuri, mamia kwa maelfu, yote inatazama mbele. Pale nilipovuka palikuwa na mkwaruzo mmoja wa mshazari, unapiga kelele peke yake. "Barabara hii ni ya upande mmoja."

"Inakwenda upande gani?"

"Mkono unaokwenda bwenini unakwenda upande gani?"

"Juu. Kwa kufuata kona."

"Basi umeshajibu. Rudi uanze. Ukirudi, vua viatu."

Nilirudi pekupeku mpaka chini kabisa, viatu mkononi, huku barua ikizidi kupaa. Ni vigumu kurudi nyuma wakati maisha yako yanakimbia mbele. Lakini nilirudi. Nikavaa, nikapanda. Nikavua, nikarudi. Nikapanda tena. Kila nilipopanda, mistari ililala pamoja zaidi, na barabara ikaacha kung'aa kama kioo ikawa na mwanga mtulivu, kama maziwa ndani ya sufuria. Mara ya tatu nilishika ukingo nisianguke, nikahisi kitu. Nikatazama kiganja changu. Mabati hayamo. Buibui hayumo. Mistari imerudi.

Nilifika juu nikihema. Mwalimu Sengasu alikuwa amesimama mlangoni mwa bweni. Barua imemfikia, imeinua uso mbele yake kama mtoto anayeomba pipi.

"Nilambe tu hapa," inamwambia. "Kidogo tu."

"Inasema nini barua hii?" aliuliza Mwalimu.

"Inasema nimeshindwa," nikasema.

"Nani anasema hivyo?"

"Mimi, Alhamisi."

Mwalimu Sengasu alifikiri. "Alhamisi sikuwepo," alisema. "Ngoja nijionee."

Akashuka ngazi zote mpaka chini, na barua nyuma yake. Akaweka mkono kwenye reli. Akaanza kupanda.

Nasikia viatu vyake. Kimoja, kingine. Anakaribia kona. Nimezuia pumzi. Barua nayo, kwa mara ya kwanza, imefunga mdomo kwa hofu. Anafika kwenye kona.

Anapita.

Hakusimama. Hakupunguza mwendo. Alipanda mpaka nilipo, akanigusa kifuani ili ajue kwamba njia imeisha.

"Ile kona iko wapi?" aliuliza.

"Umeshaipita, Mwalimu."

"Nimeipita?"

"Imebaki nyuma yako."

Akaugeuza mkono wake, akaunusa, akaunyoosha tena. "Mkono wangu ulijua njia," alisema. "Mimi mwenyewe sikuwa na habari." Halafu akaita kwa sauti ya kengele, "Haya, watoto!" na wanafunzi mia mbili wakamiminika kutoka bwenini, wanashuka na kupanda, mikono kwenye reli, hakuna anayesimama, hakuna anayejikwaa, na wote wanasema kwa pamoja jina langu na la baba yangu, kwa matamshi sahihi.

Nilicheka, nikagundua nina meno. Nilitazama sakafuni, kivuli changu kilikuwapo, kimevaa koti.

Mwalimu aliigeukia barua. "Na wewe ulikuwa unasema?"

Barua ilijitazama ndani, ikajigeuza nyuma na mbele.

"Nilikuwa na neno," ilisema. "Limenitoka."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua ilikuwa inaendelea kunyesha, kama ilivyonyesha wiki nzima. Tanga nzima haikuwa na kitu kikavu. Hata viberiti vilikuwa vinakataa kuwaka. Mama Zubeda alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika pindo la shuka, ananitazama kwa jicho moja.

"Baba Zubeda, ulikwenda wapi?"

"Sijatoka."

"Hebu njoo uone."

Kwenye mkunjo wa shuka, upande wangu, palikuwa na mchanga, kama ujazo wa kijiko cha chai. Niliuchukua kiganjani. Ulikuwa mkavu kabisa. Ulikuwa bado una moto.

"Nimefagia jana mara mbili," alisema Mama Zubeda.

"Najua."

"Huu umetoka wapi?"

"Uliukaanga wewe," nikamwambia. Akanitazama kwa jicho la pili, akaenda kuchemsha chai.

Nilinawa, nikaswali, nikakaa mezani. Barua ya Alhamisi ilikuwa palepale, mdomo wazi. Niliisoma mara moja, nikaichana vipande vinne. Nikachukua karatasi mpya yenye mistari.

Kwa Injinia Felista Lyimo. Salamu na heshima. Najua kilichoharibika, na nitarudia reli ya Kwemkole mwenyewe. Nitatumia gurudumu la mvule, si la chuma. Mchanga nitaukausha motoni kwanza; kidogo nimekuwekea humu uuguse. Mshono nitauweka ubavuni mwa kona. Nailoni haitatoka mpaka kona ikamilike, na ndipo nitasugua, kufuata mkono unapopanda, bila kukata. Sitaing'arisha iwe kioo. Mara ya kwanza nilitengeneza reli ya kutazamwa na watu wa Ngamiani. Hii ni ya kushikwa. Wako, Hizza Shemboza, fundi.

Nilitia mchanga mkunjoni, nikalamba gundi, nikafunga. Nikapitisha kiganja juu ya mdomo wa bahasha kutoka kushoto kwenda kulia, mara tatu, bila kurudi nyuma.

Saa tatu likapita gari la shule linalokuja mjini kila Ijumaa kuchukua unga, na ambalo hupitia ofisi ya Injinia. Nilitoka mvuani kichwa wazi, maana kofia sijaiona mpaka sasa. Dereva wake, Bwana Kihiyo, alishusha kioo.

"Mzee Hizza! Habari ya asubuhi? Wanasema kazi ya Kwemkole umewaachia watu wa mashine."

"Wanaosema waulize tena mwezi ujao."

Akapokea bahasha, akaipima mkononi, akaitikisa sikioni. Ndani yake kulisikika kitu kikavu, chepesi.

"Humu kuna nini, mzee wangu?"

"Kona," nikasema. "Ishike vizuri."

Akaiweka kifuani, akafunga kifungo, akatia gia. Nilisimama mpaka gari likapinda mwisho wa mtaa.